Risasi Nyembamba

Mtongwe

Kakangu Mussab,

Shikamoo, na salamu nyingi kwa wifi hapo Salala. Huku tu wazima. Paka wako kazaa tena, safari hii ndani ya kabati la mama.

Ulilalamika kuwa miezi mitatu nakutumia sauti tu kwenye simu. Wallahi niliogopa kushika kalamu. Kila shindano la kulenga shabaha risasi zangu zilitapakaa ovyo, nikajua ni mikono: imeanza kutetemeka kama ya marehemu baba. Sikumwambia mtu.

Jana mzee Ziro, fundi wa klabu yetu ya shabaha, aliitazama karatasi yangu akacheka. Matundu yalikuwa marefu kama ya vifungo; risasi zilikuwa zikiingia ubavu ubavu. Akasukuma kipande cha madini laini kwa ufito ndani ya mtutu wa rivolva yangu, na kilipotoka kimechukua umbo la mtutu akakipima pamoja na risasi. Risasi mpya nilizoanza kununua miezi hiyo mitatu ni nyembamba kuliko mtutu kwa unene wa unywele, ndiyo maana zinayumba.

"Kwani si mikono yangu?" nikamuuliza.

"Mikono gani, mwanangu? Ni risasi."

Nililia mbele za watu.

Leo nimekaa na kalamu ya wino. Tazama herufi zangu, kaka, moja moja.

Mdogo wako,
Rania