Plagi ya Redio Yetu

Mama Safina wangu,

Salamu kutoka melini, ninakotandika vitanda vya watalii. Kadi hii namtumia shangazi pale Busia, upande wa Kenya, aifiche kwenye unga, askari wa mpakani wasiione, akuvushie Tororo.

Leo nilitaka kufungulia redio yetu. Lo! Soketi ya chumbani ina matundu mawili, na plagi yetu ina pini tatu. Nikashika kisu niikate, nichomeke nyaya kwa njiti za kiberiti kama nyumbani. Mwenzangu Wanyama, Msamia wa kwetu mpakani ninayelala naye chumba kimoja, akapiga kelele: "Wee! Unataka tuungue katikati ya maji?" Akanipa adapta yake.

Redio ikaimba. Nikaiinamia, sauti chini kabisa, sikio kwenye spika. Wanyama akacheka: "Sasa unamficha nani? Huku hakuna askari wa kukukamata kwa kusikiliza redio ya nje."

Kweli, hakuna. Nikaongeza sauti mpaka kitanda kikatetemeka, nikakaa nangoja useme, "Baba Safina, punguza bwana, wanapita."

Hukusema.

Nimeirudisha chini, kama unavyotaka. Mbusie Safina, na Mungu awafunike nyote mpaka nije niipunguze mbele yako.

Baba Safina