Jina la Nabintu mu Kispanyoli

Mujukuu wangu Furaha,

Hapa Nyawera tuko salama, mama yako anakusalimia. Unauliza utaanza namna gani kufundisha Kispanyoli. Tangu barua yako ifike, sikai, ninazunguka tu mu nyumba.

Wakati wa Zaïre, majina ya ubatizo ilikatazwa. Mimi, mwalimu mupya, nikaambia wanafunzi wachague majina ya Kispanyoli, kama mchezo. Nabintu akachagua ile ya ubatizo wake. "Me llamo María," jina langu ni Maria. Akairudilia mara tatu, anacheka, nami nikaiandika ku ubao.

Prefe, mukubwa wa shule, akafungua mulango. Nikafuta ubao mbio. Nikamuambia: "Nabintu, ikala chini."

Kumbe prefe alitafuta chaki tu.

Nabintu hakusema tena Kispanyoli mwaka muzima.

Anza na majina, mutoto wangu. Mulango ikifunguka, usifute.

Koko wako