Foleni ya Mikebe

Bathsheba, niko nje ya ukumbi hapa Rongo na bado siamini.

Ule mkutano wa kushirikisha kila mtu kwenye utafiti wa afya. Jamaa mtafiti anayeuongoza ametuonyesha picha ya 1966, utafiti wa kichocho kule Takawiri. Anasema ati wanawake walikataa kupimwa sababu ya ushamba.

Ushamba. Na nyanya yangu Rispa amekaa hapo mbele yake.

Nyanya akasimama. "Nilikuwa nimeolewa juzi tu. Mliniweka foleni moja na baba mkwe, kila mtu ameshika mkebe wa choo chake. Wewe ungengoja hapo?"

Jamaa akashukuru, akasema siku hizi wamejifunza.

Wamejifunza, Bathsheba.

Dakika hiyo hiyo akatugawa meza za chakula, wake kwa waume pamoja, ati tule tukijadili. Nyanya akapangwa na Jared. Baba yangu. Mkwe wake. Na unajua kwetu mkwe hali meza moja na mama mkwe.

Nyanya akachukua mkoba, akatoka. Kina mama wote wakamfuata.

Saa hii nachungulia dirishani, jamaa anaandika ubaoni: "Wanawake bado hawataki kushiriki."