Kahawa ya Magofuni

Shosho wangu,

Huku jua limepoa kidogo, hata wewe ungetoka nje bila kulalamika. Ijumaa sikuwa na zamu hospitalini, basi Musa, jirani yetu Mganda wa hapa mtaa wa Mansoura, akanipeleka kuona magofu ya kijiji cha kale nje ya Doha. Waliohamia pale mwanzo walijenga mkahawa wa wasafiri kabla ya nyumba zao. Mafiga yake yapo hadi leo, meusi tii!

Mlinzi wa pale, Mkatari mcheshi, alitumiminia kahawa. Si ulinifunza mgeni habakishi kitu kikombeni? Nikamaliza, akaongeza. Nikamaliza, akaongeza tena. Musa akacheka: "Dada, ukitosheka tikisa kikombe, la sivyo huyu haachi!" Mlinzi akasema jambo kwa Kiarabu, Musa akanitafsiria: "Wasiojua kutikisa ndio waliobaki hapa, wakatuzaa."

Nikamkumbuka babu, Guka wetu. Si alishuka tu kunywa chai kwa hoteli yako, skimu yetu ya makazi ikiwa bado msitu, na lori likaondoka bila yeye, akabaki akakuoa?

Waambie kina Anko wasiibomoe hiyo hoteli ati wajenge nyumba za kupangisha. Paa linalovuja nitalibadilisha mimi, na ukuta tutaukandika pamoja. Krismasi nitakaa kwa ile benchi ya mlangoni, nawe umimine chai. Sitatikisa kikombe.

Wanjiru wako