Bahari Inayotoka Jasho

Jumatano, 8 Oktoba 2025

Ndama wa Boru amelamba bahari ya Asli!

Nacheka hadi sasa, na haifai. Asli aliiegemeza picha ukutani nje ipate upepo, akaingia ndani kuchemsha chai. Alipotoka, ndama ameshapitisha ulimi pembe ya chini, upande wa kulia. Rangi imetoka upana wa kiganja. Boru, mumewe, aliponiona naingia uani: "Bi Mwalimu, watu wa Mombasa bado hawajaiona, lakini mjuzi wa sanaa ameshaonja." Asli alimtupia ndara.

Mimi nikabaki na swali. Ndama halambi rangi bure. Nikalowesha kidole, nikagusa pale palipolambwa, nikaonja. Chumvi! Chumvi tele.

Kumbe tope la kuchorea safari hii amelikoroga kwa maji ya bahari. Tope lenyewe analichota Kipini, mlangoni mwa mto, na maji ameyateka hapo hapo, akayabeba kwa mtungi wa lita ishirini mpaka hapa Garsen. Nikamuuliza kwa nini. "Sasa Mwalimu, bahari niikoroge kwa maji ya bomba?"

Ijumaa, 10 Oktoba

Mawingu tangu alfajiri, hewa nzito. Asli amenipigia simu, sauti imepanda. Nije haraka, picha inatoka jasho.

Kweli. Juzi ilikuwa ya kijivu, mahali pengine nyeupe kama majivu ya kuni. Leo imekoza, nyeusi yenye wekundu ndani, inang'aa, na vitone vimesimama juu yake. Havidondoki. Vimesimama tu, kama jasho juu ya mdomo wa mtu anayepika.

Nikamweleza, maana kueleza ndiyo maradhi yangu. Chumvi huvuta maji yaliyo hewani. Ndiyo sababu masika tunatia punje za mchele katika kopo la chumvi. Anga likiwa bichi, picha italowa. Jua likiwaka, itakauka, na chumvi itatokeza juu.

Alisikiliza mpaka mwisho, kama alipokuwa darasani kwangu. Kisha: na Najla anakuja tarehe ishirini na moja. Atasemaje akikuta imelowa?

Najla ndiye anayechagua picha za ukumbi mmoja wa sanaa Mombasa. Hii ameiona kwa simu tu, akaipenda. Akiikubali kwa macho yake, itatundikwa huko moja kwa moja. Asli ana miaka hamsini. Hakuna bahari yake hata moja iliyowahi kutundikwa popote, ila kwake na kwangu.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimefanya jaribio. Vibao viwili. Kimoja nimekipaka tope lake kama lilivyo. Cha pili, tope lile lile nililoliosha kwa maji matamu mara tatu: unakoroga, unaacha lituame, unamwaga maji ya juu. Gundi ya mgunga sawa kwa vyote. Nimevitundika barazani. Miaka sabini na mmoja, nachunguza tope! Raha iliyoje.

Nikingoja, niandike Asli alivyoanza kuchora. Sijawahi kuliandika hili. Ukame wa themanini na nne Waorma walishusha ng'ombe mpaka delta, wengine mpaka pwani kabisa. Asli alikuwa na miaka tisa. Anasema ng'ombe waliyaona maji makubwa, wakakimbilia, wakanywa funda moja, wakainua vichwa wote pamoja, "kama wametukanwa". Watu wazima wakalia. Yeye alikuwa anatazama mahali maji mekundu ya Tana yanapokutana na yale mengine. Mstari mrefu. Hakuna aliyeupiga.

Aliporudi shule akauchora katika daftari la hesabu, bahari nyekundu. Nilimchapa. Nikaandika kwa wino: Bahari ni ya buluu. Mimi, mzaliwa wa Kipini, niliyekulia kwenye bahari hiyo hiyo!

Kisha miaka thelathini ya kuchora mabango ya watu. Yule ng'ombe anayecheka kwenye bucha ya stendi ni wake. Meno ya daktari wa meno ni yake. Bahari alichora Ijumaa tu, akishapumzika, tena kwa tope, kwa sababu rangi ya bango ni ya mwenye bango.

Alhamisi, 16 Oktoba

Manyunyu asubuhi. Kibao cha kwanza kimelowa chote. Kile kilichooshwa kikavu, wala hakikushtuka. Nimefaulu! Nimekwenda kwa Asli mbio mbio, na goti langu hili.

Akavipokea, akavigeuza-geuza. Kilichooshwa, kesho kitakuwaje? Hivi hivi, nikasema. Na kiangazi? Hivi hivi. Akakirudisha mkononi mwangu taratibu.

"Hiki ni ukuta, Mwalimu."

Nikamwambia siku tano zatosha, aichore upya kwa tope lililooshwa. Akasema ameelewa, ahsante. Ile sauti ya mwanafunzi aliyeelewa na asiyekubali. Boru alikuwa mlangoni anachonga fimbo: "Mimi namweleza mwaka wa ishirini na saba huu. Wewe umeanza wiki hii."

Vibao viko mezani mbele yangu. Kile kikavu nimeshakizoea. Kile kingine natupia jicho kila nikimaliza sentensi. Kwa nini?

Jumamosi, 18 Oktoba

Jua la kukausha samaki. Hakuchora upya. Picha imegeuka nyeupe vipande-vipande, na pale alipopaka tope mara nyingi zaidi chumvi imejipanga yenyewe, nyembamba, kama mapovu. Hakuipaka mtu! Nikamwambia sababu ni wingi wa maji ya bahari mahali pale. Akasema, "Basi, na kule baharini ndiyo hivyo hivyo."

Nilikaa mbele ya picha hadi adhuhuri. Chai ikapoa.

Jumanne, 21 Oktoba

Najla amekuja. Na mawingu yamekuja naye.

Picha imelowa chepechepe. Boru alitaka kuifuta kwa leso, akafukuzwa. Najla msichana mrefu, miwani, viatu vya raba. Aliisogelea picha. Akauliza: bado mbichi? "Ina miezi miwili," Asli akamjibu. Nikaanza kueleza mimi. Unyevu, mchele, vibao viwili. Boru akamvutia mgeni kigoda. "Kaa kitako, dada. Mwalimu akianza, jua huzama."

Najla alicheka, lakini macho hayakutoka kwenye picha. Anaitaka. Anaitaka sana! Ila ukumbini haiwezi kuachwa idondoshe chumvi juu ya kazi za wengine. Lazima iwe ndani ya kioo, pande zote zizibwe, hewa isipite. Yeye anaendelea Lamu, gari litarudi Alhamisi alasiri. Likikuta kioo, litaichukua. Lisipokikuta, nafasi atapewa mwingine, anasikitika.

Alipoondoka Asli akaniuliza: ikizibwa, itakuwaje?

Nikamwambia kweli. Hewa itakayofungiwa ndani ndiyo itakayobaki nayo. Ikizibwa imelowa, haitakauka. Ikizibwa kavu, haitalowa tena.

"Kwa hiyo nachagua siku."

Ndiyo, mwanangu. Unachagua siku.

Alhamisi, 23 Oktoba

Naandika uani kwa Asli, daftari magotini. Gona, fundi wa vioo, yuko hapa tangu saa nne. Fremu tayari, kioo kimelala juu ya magunia. Asubuhi picha ilikuwa nyeusi, inang'aa. Gona akauliza, nifunge? Asli: subiri. Saa sita jua likatoka, ikaanza kupauka. Nifunge? Subiri.

"Mama, hii silikoni ya kuzibia nimeshaitoboa, itanigandia mkononi!"

Boru akamletea chai ya pili. "Kunywa, ndugu yangu. Mimi nilingojeshwa miaka miwili aseme ndiyo."

Asli aliniuliza mimi pia. Mwalimu, ungekuwa wewe? Najua kioo kitafanya nini. Sijui bahari yake ni ipi. Nikamwambia hivyo hivyo, na alinitazama kama mtu aliyekuwa akingoja jibu hilo tangu darasani.

Saa nane. Najla amepiga simu, wameshapita Witu. Asli akamwambia Gona aweke kioo. Nikadhani ameamua! Gona amepaka kushoto, amepaka kulia, amepaka chini. Akafika juu, Asli akamshika mkono.

Amemnyang'anya bomba la silikoni. Amekaa kitako mbele ya picha, bomba mapajani. Kioo kimeanza kufanya ukungu kwa ndani. Nimemwona akiinama, akipuliza pumzi kwenye ule uwazi wa juu, kidogo, kama anayechochea moto, na pale pumzi inapofika weupe unakoza tena.

Gari limesimama nje. Honi. Boru ananitazama, mimi namtazama Asli. Honi tena. Hakuna anayekwenda kufungua lango.