Gaju Kwenye Uwanja wa Mpunga

Mume wangu, Papa Ghislain,

Batoto ni wazima, na mpunga tumeshavuna. Lakini habari kubwa ya hapa Bugarama ni Gaju, farasi wako.

Ulipoenda Bujumbura uliniachia fimbo, ukasema bila hiyo hafundishiki. Mzee Sibomana, anayenifundisha kupanda farasi, aliniambia: "Maman, usimuvute kama mbuzi ya soko. Ikala muzuri, pumua, umuimbie kama vile banaimbiaka ng'ombe." Kila asubuhi, mimi mgongoni mwake, tulizunguka polepole kwenye uwanja wa kuanikia mpunga, mpaka shingo yake ikalegea na kujikunja yenyewe, bila kuvutwa.

Jumapili, mbele ya watu wote wa kinu cha mpunga, Gaju alitembea kimshazari, miguu ikipishana kama anacheza, nami nimeshika hatamu kwa vidole tu. Nilimsimamisha kwa pumzi. Hata wapakia magunia walitua mizigo wakapiga makofi!

Zamani ulipoinua mkono, Gaju alirudi nyuma mpaka ukutani. Mimi pia. Sasa nikiinua mkono anausogelea, anataka kukunwa.

Umesema unarudi mwezi huu. Karibu. Fimbo yako usiitafute. Niliitia jikoni, maharage yakaiva.

Ni mimi Nsimire, mpanda Gaju.