Turbo, Supachaja na Salamu za Shabani

Jumatatu, 3 Juni
Mawingu, manyunyu mepesi. Nimefungua injini ya pikapu ya Shabani, mdogo wangu, kabla ya chai. Silinda safi. Hii ndiyo injini pekee tuliyonayo. Ikifa, hana tena biashara ya samaki.
Shida ni kilima cha Mchinga. Pikapu ikijaa samaki na barafu haipandi. Gerejini nina turbo na supachaja, zote za mtumba, zote za kuisukumia injini hewa ipate nguvu. Turbo huzungushwa na moshi wa eksozi: nguvu huchelewa kidogo, ulaji nafuu. Supachaja huzungushwa na mkanda wa injini: nguvu papo hapo, petroli inakwenda sana.
Nataka turbo. Shabani pia. Supachaja anaiita cherehani, kwa mlio wake.

Jumatano, 5 Juni
Jua kali. Turbo imefungwa, kilima kimepandwa. Nimefurahi kuliko yeye. Nimemwonya: akitoka kukimbiza gari asizime papo hapo. Aiache ingurume kidogo, oili ipoze beringi za turbo. La sivyo oili itaungulia humo.

Jumatatu, 10 Juni
Upepo. Eksozi inatoa moshi wa buluu, harufu ya kuungua. Shabani anaapa kwamba anafuata maelekezo. Simwamini. Kesho naenda naye.

Jumanne, 11 Juni
Nimeona. Tumemaliza kilima tu, Mzee Issa, mkulima wa pale, huyo kando ya barabara. Shabani kasimama, kazima injini, kashuka.
"Shikamoo."
"Marahaba, mwanangu."
Mbele kidogo, bibi mmoja. Kazima tena. Kila mtu mzima, anazima. Nimekasirika sana. Nikamwambia asalimie injini ikiwaka.
"Nimngurumie mzee usoni, dada? Wataniona mhuni."
Ufukweni wavuvi wazee wamempimia samaki yeye kwanza. Wachuuzi wengine wanangoja.
"Wale wanatupigia honi," mmoja kaniambia. "Huyu kalelewa."
Turbo ni nzuri. Kwa Shabani haifai.

Alhamisi, 13 Juni
Kumetulia. Nimetoa turbo. Mhimili wake unacheza, oili imegandia humo nyeusi kama lami. Injini yenyewe nzima, alhamdulillah. Nimefunga supachaja; hii haichomwi na moshi, hata akizima papo hapo.
Kilimani imevuta tangu mguu ulipogusa pedeli. Mshale wa petroli umeshuka. Shabani kauona.
Mzee Issa alikuwa anapalilia mihogo. Shabani kazima, tukashuka wote wawili. Mzee kaniuliza habari za mama, za watoto, za Lindi nzima. Nimejibu zote. Sikuiangalia pikapu.
Imewaka mara moja.
Saa tatu na nusu usiku, naenda kulala bila wasiwasi.